Sabuni Juu ya Picha ya Baba

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la kusema Kiswahili vizuri.

Baba alikuwa na picha moja tu, ya harusi yake, mwaka 1957: suti ya kuazima, tai yenye mistari. Tai zilipopigwa marufuku nchini, Baba mdogo Fidèle, katibu wa chama mtaani kwetu Shituru, aliipeleka picha hiyo kwa Adrien mpiga picha. Adrien akachovya brashi, akamchorea Baba abakosti nyeusi, koti la chama lisilovaliwa na tai, iliyofungwa hadi kooni. Baba alipoiona alicheka: "Bamenivalisha bila kunipima!" Mwaka jana akafa. Pale ukutani aliendelea kubanwa kola.

Mvua za mwaka huu zikavujia fremu, picha ikaingia madoa. Jumamosi Mama angeondoa kilio, na alitaka kitu kimoja: siku anavua nguo nyeusi, uso wa mumewe uwe sebuleni. Picha nyingine hatuna. Nikaipeleka kwa Adrien. Akasema ataipiga upya na kutoa nakala mpya, ila dawa zake zimekwisha, niirudishe Ijumaa.

Kazi hiyo watu wote wa mji wetu, Likasi, huiita "kudevelope". Mimi nina diploma, na Kiswahili kina neno lake: kusafisha. Nikamwambia Mama, kidevu juu:

"Picha itasafishwa Ijumaa."

"Kusafisha tu, njo tungoje vendredi?"

"Kuna dawa yake, Mama."

"Adrien iko mwizi," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Alhamisi nilirudi nikamkuta uani. Baba alikuwa ndani ya beseni. Mama alikuwa anamsugua kifuani kwa kiganja na kipande cha sabuni ya kufulia, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Maji yalikuwa meusi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Weye njo ulisema kusafisha."

Nilipiga magoti nikidhani tumempoteza. Lakini karatasi ya zamani ilikuwa ngumu, na rangi ya Adrien ilikuwa ya bei rahisi. Madoa yalipungua, abakosti ikayeyuka yote, kuanzia kola. Chini yake ilikuwapo tai, mistari yake yote, na shingo nyembamba ya kijana wa miaka ishirini na mbili.

Mama akakausha mikono kwenye kitenge. "Eh, Nicolas," akaiambia picha. "Njo weye huyu."

Fidèle alipoiona jioni alishika kichwa. Siku ya kuondoa kilio angekuja Citoyen Mwepu, mkubwa wake chamani, aliyekuwa Dominique hadi majina ya Kizungu nayo yalipopigwa marufuku na kila mtu akawa "Citoyen", mwananchi.

"Shemeji, unataka banifukuze? Kesho Adrien amuvalishe tena!"

"Hapana."

"Basi tuifiche. Tutasema ilioza na mvua."

"Fidèle, minye niliolewa na muntu wa kravate. Ule wa abakosti simujue. Nitamulilia namna gani?"

"Ataiona!"

"Aone. Nicolas amekufa, bamufunge wapi?"

Ijumaa sikwenda kwa Adrien. Jumamosi picha ilining'inia katikati ya ukuta ndani ya fremu yake, imejikunja pembe moja. Watu walikula, wakaimba, Mama akavaa kitenge kipya cha kijani. Fidèle alisimama mbele ya picha mchana kutwa, mabega ameyatanua, kama kabati.

Mwepu aliingia saa tisa. "Citoyenne, pole sana," akamwambia Mama kwa sauti ya mkutano. Kisha akamwangalia Fidèle. "Mbona umesimama hapo? Sogea."

Fidèle akasogea. Nyimbo zikakatika, na mtu mmoja akabaki na tonge mkononi. Mwepu aliitazama ile tai kwa muda mrefu, akaisogelea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Citoyen Katibu," akasema bila kugeuka, "niletee maji ya kunywa."

Fidèle alitoka mbio. Mwepu akainama sikioni mwa Mama. Mimi nilikuwa karibu, na sahani.

"Mama Clémentine," akanong'ona, "Adrien alipita na kwangu. Baba yangu, ndugu zangu, batu kumi na moja mu picha ya ubatizo, bote bamevaa abakosti, hata mutoto mwenyewe. Ulitumia sabuni gani?"

"Ya nguo tu," Mama akasema. "Lakini maji ikuwe ya baridi. Na usisugue sana mu sura."