Mkono wa Kulia

Mama Pindo, fundi cherehani mwenye miaka thelathini kazini, alimwambia binti wa kaka yake, aliyekuja kujifunza kazi, kwamba kola aliyoshona ilikaa kama sikio la mbuzi. Binti akalengwalengwa na machozi.

"Nyinyi watoto wa siku hizi mmelelewa kama mayai," shangazi akacheka. "Sisi tuliambiwa ukweli usoni, tukameza, maisha yakaendelea."

Binti akajifuta macho. "Na mimi naweza kukuambia ukweli, Shangazi?"

"Sema. Mimi ngozi yangu ngumu."

"Lile gauni ulilomaliza jana, mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto."

Shangazi aliweka mkasi mezani, akampa mgongo, akanywa chai yake akiutazama ukuta. Ilipofika saa sita alisema kichwa kinamgonga, akajiendea nyumbani.

Kesho yake binti alimkuta ameshafika, ameufumua ule mkono, ameupunguza na anamalizia kuushona upya. Binti aliketi akiutazama mkono huo mpaka uzi ukakatwa.

"Ukitaka kuniambia jambo kama lile," Mama Pindo alisema bila kuinua macho, "uanze basi na salamu. Mtu umuulize kama amelala vizuri."

"Shikamoo, Shangazi. Umelala vizuri?"

"Marahaba. Nimelala vizuri."

"Sasa wa kushoto ndio mrefu."

Mama Pindo aliutazama mlango kwa hamu kubwa. Kisha akashusha pumzi, akanyoosha mkono apewe futi ya kupimia.