Sifuri ya Kujaribia

Kibaraza cha dada mtu kilikuwa na cherehani moja, mabenchi mawili na tundu moja la umeme, na kwa ajili ya tundu hilo watu walinuniana kila siku. Pasi ililitaka, kompyuta ya Mahesabu, mdogo wake, ililitaka, na simu za wateja, ambazo kwa bahati ya ajabu huwa zimezima zikifika pale tu, zililitaka pia. Lakini Jumanne ile dada mwenyewe alichomoa pasi, akamwambia mdogo wake achomeke mashine yake mpaka saa sita mchana, baada ya hapo asimsumbue.

Saa sita ndiyo ilikuwa saa ya kiwanda. Kiwanda cha unga, mwendo wa nusu saa kwa miguu, walikuwa wamemsaili Mahesabu wiki iliyopita wakamwambia nafasi ya karani wa stoo ni yake akiitaka: kuhesabu magunia yanayoingia, kuhesabu yanayotoka, kuandika. Ila aje mwenyewe kutia saini, na aje kabla ya saa sita Jumanne. Habari hizo zilikuwa zimeshamfikia mkewe, ambaye miezi mitano nyuma alikwenda kwa mama yake kupumzika kidogo na mpaka leo anapumzika. Alimtumia wifi yake ujumbe mfupi: akipata kazi hiyo nitarudi, asipoipata asinifuate.

Sasa mtu mwingine yeyote angeshakuwa getini na kalamu yake. Mahesabu alikuwa amekaa kwenye benchi, kompyuta mapajani, akiuliza mashine kama akubali.

Jina hilo alilipata kazini, na alilivaa kama koti jipya. Miaka sita alizunguka ofisi za takwimu, akitengeneza majedwali ambayo wakubwa waliyasoma kwenye magari. Alipopunguzwa mara ya mwisho, miezi minane iliyopita, hakulia wala hakulewa. Aliandika programu. Aliwaeleza watu wa kibarazani mara nyingi kiasi kwamba hata wateja wa mara moja moja walikuwa wanaijua. Kuna mtu hana kazi. Kila mwezi huenda akapata ofa, huenda asipate. Ikija, anaikubali au anaiacha angoje nzuri zaidi. Kompyuta inaanza kwa kubahatisha thamani ya kukubali na thamani ya kungoja, inazipiga upya, inalinganisha jibu jipya na la zamani, inarudia tena na tena hadi majibu mawili yafanane kama mapacha. Mwishoni inatoa namba moja tu, aliyoiita kizingiti. Ofa ikiwa juu ya kizingiti, kubali. Ikiwa chini, ngoja.

Mshahara wake wa zamani aliuita mia, na vingine vyote alivipima kwa huo. Kizingiti kilitoka themanini na mbili. Kwa hiyo duka la vifaa vya ujenzi walipomwita kwa sabini, alikataa kwa adabu. Ghala la nafaka walipomwita kwa sabini na tano, alikataa tena, na safari hii ndipo mkewe alipofunga virago. Kiwanda cha unga walikuwa wanatoa sitini na nne.

Humo ndani ya programu, pamoja na mishahara, kulikuwa na namba aliyoiita subira, yaani mtu anaithamini kesho kiasi gani akiipima na leo.

"Yako umeiandika ngapi?" aliuliza Mkunga, mama wa makamo wa zahanati ya jirani, aliyekuwa anangoja sare yake ipunguzwe pindo na hakuwa na haraka hata kidogo, maana habari zote za mtaa zilipitia pale.

"Sifuri nukta tisa tisa, mama."

"Na ya mkeo uliiandika ngapi?"

Kibaraza kizima kilicheka, Mahesabu naye akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Mkunga alipoona amepata wasikilizaji akaendelea: kumbe yule dereva wa gari la maji naye amerudishwa nyumbani juzi, na yule binti wa benki kabla yake, na ile kampuni ya mabango imefunga milango na kuwaachia wafanyakazi kalenda za ukutani kama kiinua mgongo. Wakahesabiana. Katika watu saba waliokaa pale, sita walikuwa wameshawahi kuambiwa wasirudi Jumatatu. Wa saba alikuwa mtoto mchanga.

Dada aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hakuwa msomi, lakini mkono wake ulijua kitambaa kinafumuka wapi.

"Mahesabu. Hiyo mashine yako inajua kwamba watu huachishwa kazi?"

"Inajua, dada. Kuna mstari wake kabisa."

"Nioneshe."

Alipandisha ukurasa juu ili amwoneshe tu, amnyamazishe arudi kwenye mapindo yake. Mstari ulikuwepo. Uliandikwa *kuachishwa = 0*, na pembeni yake, kwa maneno yake mwenyewe: *ya kujaribia tu, nitabadilisha baadaye.*

Kila anayeandika programu huanza na kitu chepesi, aone kama kinakwenda, ndipo aweke ukweli. Alikuwa ameanza na dunia ambayo mtu akiajiriwa haachishwi mpaka kaburini. Programu ikakubali, majibu yakatulia vizuri, akafurahi, akaenda kunywa chai. Baadaye haikufika. Miezi minane alikuwa anapima ofa za dunia hii kwa kizingiti cha dunia ile.

"Umeandikwaje?" dada aliuliza.

"Kuna kitu kidogo nirekebishe," alisema.

Ilikuwa saa nne. Alichukua historia yake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na nyingine aliyoijua vizuri zaidi: miezi sabini na miwili ya kazi, kuachishwa mara nne. Mara moja kila miezi kumi na minane. Akaiweka, akabonyeza. Dakika moja mashine ilihema, feni ikipiga kelele, kisha ikatoa namba. Hamsini na saba.

Kazi isiyodumu haifai kungojewa hivyo, ndivyo jibu lilivyosema. Chukua ilipo.

Sitini na nne ilikuwa juu ya hamsini na saba. Kila mtu pale kibarazani, akiwemo yule mtoto mchanga, angeweza kumwambia la kufanya. Dada alimwambia. Alimtajia hata shati la kuvaa, lililokuwa limeshanyooshwa na kutundikwa mlangoni.

Lakini Mahesabu hakuwa anaitazama sitini na nne. Alikuwa anaitazama sabini, na sabini na tano. Kama hamsini na saba ni kweli, basi duka lilikuwa kazi ya kukubali, na ghala lilikuwa kazi ya kukubali mara mbili, na mkewe aliondoka kwa sababu ya sifuri moja iliyosahaulika. Alitaka mashine imwambie si hivyo. Pengine historia yake ilikuwa mbaya kupita kiasi. Pengine kwa mtu mwenye nyota ya kawaida, anayeachishwa kwa nadra kidogo, kizingiti kingebaki juu ya sabini na tano, na yeye angekuwa hakukosea, alikuwa na bahati mbaya tu. Akaandika mzunguko mpya: viwango mia vya kuachishwa, kuanzia sifuri kwenda juu, kila kimoja kipigwe hadi tofauti iwe chini ya moja kwa milioni. Akabonyeza.

Mashine ikaanza kuhesabu. Tatu kati ya mia. Nne kati ya mia.

"Umeshapata jibu," dada alisema saa tano. "Unangoja nini?"

"Nahakikisha, dada. Haichukui muda."

Saa tano na robo ilikuwa imefika arobaini na tisa. Mkunga alisimulia mambo ya harusi iliyovunjika na hakuna aliyemsikiliza. Saa tano na nusu dada alisimama, akalitoa shati mlangoni, akalitupa juu ya kibodi, naye akalisogeza taratibu ili aone namba chini yake. Sitini na tatu. Alijiambia sabini zinatosha kuonesha mwelekeo. Zilipofika sabini alijiambia mchoro utakuwa na pengo. Alipoinuka hatimaye zilikuwa zimebaki ishirini, na saa tano na dakika hamsini zilikuwa zimepita. Alikimbia huku anafunga vifungo.

Getini walimruhusu bila maneno. Mkuu wa stoo, mzee mwembamba mwenye unga kwenye nyusi, hakumgombeza. Alimwonesha karatasi tu, wino wake bado mbichi. Alimngoja hadi saa sita na dakika tano, akamwambia, halafu akamwita mmoja wa wale wanaoshinda kwenye benchi la nje kila siku.

"Hakuuliza hata mshahara," mzee alisema.

"Nilikuwa nimeamua kukubali."

"Lini, kijana?"

Mahesabu alitaka kujibu saa nne, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana hakujibu. Aliuliza kama patatokea nafasi nyingine. Mzee akasema mwakani kiwanda kinaleta mashine ya kuhesabu magunia.

Aliporudi, hakuna aliyemuuliza. Uso wake ulikuwa umeshawajibu. Mkunga alisogea akampa nafasi kwenye benchi, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu. Kompyuta ilikuwa imemaliza. Mchoro ulikuwa mzuri, mstari mmoja laini unaoshuka bila kutetereka, na Mahesabu alifuata kwa kidole mahali ulipokata sabini na tano. Ili awe hakukosea, mtu ilibidi aachishwe mara moja tu katika miaka ishirini. Aliwapitia kichwani watu wote aliowajua, wa nyumbani na wa ofisini, hata marehemu baba yao. Hakumpata mmoja.

Simu ya dada iliita. Aliitazama, akamtazama mdogo wake, akapokea na kugeukia ukuta.

"Salama, wifi," alisema. Alisikiliza kwa muda. "Hapana. Hajapata." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, akitikisa kichwa kana kwamba wa upande ule anamwona. "Haya. Nitamwambia."

Hakumwambia. Aliichukua sare ya Mkunga, akaitandaza mezani, akanyoosha mkono kuelekea kwenye tundu la umeme.

"Imeshapita saa sita," alisema kwa upole.

"Sijahifadhi bado, dada."

"Utahifadhi nini?"

Betri ya ile kompyuta ilikufa zamani. Alitazama mchoro mara moja zaidi, kisha yeye mwenyewe akachomoa waya, na kioo kikawa cheusi. Dada akachomeka pasi. Wakakaa wote wakingoja ipate moto.