Macho Kwenye Skrubu

Mjomba alikuwa amepiga goti chini ya meza, ameshika waya wa chaji kwa vidole viwili. Mbele yangu, uso wa yule mama wa Marekani aliyekuwa akinisaili ulikuwa umejaa kioo kizima cha kompyuta: nywele nyeupe zilizokatwa fupi, miwani imening'inia kifuani, na nyuma yake rafu ya vitabu iliyopanda mpaka isikoonekana. Alikuwa ameniuliza swali. Nilikuwa nimefika katikati ya jibu aliponikatiza.

"Samahani," akasema kwa Kiingereza cha taratibu. "Kila ukijibu unaangalia chini. Kuna kitu unasoma?"

Mtu akagonga mlango wa chuma kwa nje. "Fundi! Uko ndani, naona kufuli halipo!"

Mjomba akaubana waya zaidi. 

Vyuo vyote nilivyoomba vilikuwa vimeshanijibu, kwa adabu na kwa sentensi zilizofanana kama mapacha, kwamba hapana. Kilibaki hiki kimoja, na hiki ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Watu wa dunia nzima hukigongea mlango, kikafungua kidogo tu, wakapita wachache, kisha kikafunga. Lakini anayepita hupita na gharama zake zote zikiwa juu ya chuo, ndege, chakula, kitanda. Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa ameniambia wazi: usaili huu ndio utakaoniingiza au kunirudisha nyumbani. Nikitoka hapo na jina la mdanganyifu, basi yameisha.

Tulikuwa dukani kwa mjomba kwa sababu mtandao wa pale haukuwa na tabia ya kuzimia. Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba kama kijia: meza ndefu upande mmoja, taa yenye shingo ya kukunja, kopo la bisibisi, na sahani za plastiki zenye skrubu ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya unaharibu siku ya mtu. Ukutani simu zilizokufa zilipangwa zikisubiri kutolewa viungo. Mjomba alikuwa fundi simu wa mtaa mzima. Kompyuta ilikuwa yake, na kama ilivyo kwa vitu vyote vya mafundi, ndiyo pekee iliyokuwa haijatengenezwa. Betri ilishakufa zamani. Tundu la chaji lilikuwa limelegea, na waya haukushika ila ukiubana kwa pembe fulani ambayo vidole vyake pekee viliijua.

"Nitaushika," alisema asubuhi ile.

"Mpaka tumalize?"

"Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno ukaning'ata. Waya hauning'ati."

Chuo kilikuwa kimeagiza mwombaji akae peke yake mahali patulivu. Niliwaeleza hivyo, mjomba na mama, zaidi ya mara moja. Mama alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake ya uhudumu wa wodi, viatu mkononi ili visipige kelele.

"Mama, wamesema peke yangu."

"Kwani ukienda kuulizwa mambo mazito unaenda kama mtoto wa barabarani? Hata siku ya kwanza ya shule nilikaa nje ya darasa mpaka kengele." Akajibana ukutani, kati ya simu zilizokufa. "Mimi kusimama nisionekane ndiyo kazi yangu. Madaktari wanapita mbele yangu kila siku, muulize hata mmoja kama ananijua sura."

Nikakaa. Simu ya video ikaita kwenye kompyuta. Na tangu neno la kwanza, macho yangu yalishuka yenyewe kwenye sahani ya skrubu, yakatulia humo.

Ndivyo nilivyolelewa. Ukisema na mtu mzima, macho chini. Haikuwa sheria ambayo mtu aliwahi kunisomea. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni, mwili unafanya kabla ya akili. Na huyu mama wa Marekani alikuwa mkubwa kuliko mama yangu, tena ameshika maisha yangu mkononi. Kadiri alivyoniuliza maswali mazito, ndivyo nilivyozidi kumpa heshima yake, na ndivyo alivyozidi kuona msichana anayesoma majibu yaliyoandikwa na mtu mwingine.

"Hapana," nikamjibu. "Sisomi kitu." Nikawa nimezijibu skrubu.

"Bado unaangalia chini."

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua na sasa anakusaidia kumaliza. Mama hajui Kiingereza, lakini sauti hiyo anaijua. Ameisikia sana wodini. Akaninong'oneza kutoka ukutani:

"Kaa wima, mwanangu."

Uso kwenye kioo ukasogea karibu. "Kuna mtu humo ndani?"

Mjomba akanitazama kutoka chini ya meza, akatikisa kichwa polepole: sema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi, mwepesi kama punje. Na wala nisingekuwa wa kwanza kuusema ndani ya chumba kile. Kila nilipotoka shule nilikaa pale nikiwasikiliza wateja. Hakuna aliyewahi kuangusha simu. Zote zilijiangusha. Moja ilijitumbukiza kwenye ndoo, mwenyewe akiwa amelala fofofo. Mjomba hakuwabishia, aliifungua tu simu, maji yakatiririka mezani, na mteja akaangalia pembeni, kwenye bango la bei, kana kwamba ameliona leo.

Nilizijua sura hizo vizuri. Na kwa mara ya kwanza nikaiona yangu kwa macho ya mtu wa mbali, mtu asiyejua kwamba kwetu kuangalia chini na kuangalia pembeni ni vitu viwili visivyojuana.

"Wapo," nikasema. "Wawili."

Nikaanza kuigeuza kompyuta.

"Taratibu," mjomba akanong'ona akitambaa na waya wake. "Taratibu, utaukata, taratibu." Kioo kikafifia. Kikawa cheusi. Mjomba akausokota waya, mwanga ukarudi, na yule mama wa Marekani alikuwa bado yupo, ameinamisha kichwa kama mtu anayechungulia chini ya kitanda.

"Anafanya nini huyo?"

"Ni mjomba wangu. Ameshika waya. Akiuachia, kompyuta inazima."

"Tangu tulipoanza?"

"Tangu kabla."

Mjomba alijua anasemwa. "Mpe salamu," akasema. "Mwambie mkono wa fundi hauchoki." Mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka kama wa mwenye homa.

"Na yule?"

"Mama yangu. Aliniambia nikae wima. Hajasema kingine."

Yule mama wa Marekani akaitikia kwa kichwa. "Muulize yeye kwa nini unaangalia chini."

Nikamgeukia mama, nikamweleza. Alishika viatu vyake vizuri kifuani.

"Mwambie nimekulea," akasema. "Yeye ni mkubwa wako. Au alitaka umkodolee macho kama mwizi aliyekamatwa sokoni?"

Ningeweza kuyalainisha yale maneno. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kuyapaka sukari. Nikayatafsiri yalivyo, na mwizi wake ndani, na soko lake.

Yule mama wa Marekani akavaa miwani. Akamtazama mama kwa muda mrefu. Mama, aliyekuwa anatazamwa na msomi wa ng'ambo, alikuwa ameinamisha macho yake sakafuni, mahali palepale ambapo yangu yangekuwa. Hapo hakuna aliyehitaji kutafsiri.

"Nimeelewa," akasema. "Basi leo nakupa ruhusa mimi. Geuza kompyuta, nitazame, unijibu upya. Kitu gani unakifanya bila kuagizwa na mtu?"

Nilikuwa na jibu lililokaririwa, la chama cha kupanda miti shuleni. Lilikuwa jibu safi, halina vumbi hata kidogo. Nikaliacha. Nikainua macho, nikakuta shida mpya: nikimtazama machoni kwenye kioo, yeye ataniona bado naangalia chini, kwa sababu jicho la kompyuta lilikuwa juu ya kioo, kitundu cheusi si kikubwa kuliko skrubu. Ili nimtazame ilibidi niache kumwona.

Nikakiambia kile kitundu habari za wateja. Simu zinazojirusha. Ndoo. Bango la bei. Nikakiambia kwamba nazibeba hadithi hizo nyumbani, nazisimulia mama akiwa amelowesha miguu kwenye beseni baada ya zamu, na kwamba anacheka mpaka maji yanamwagika. Kwamba ninataka kusoma jinsi watu wanavyosema wakiwa wanajilinda. Sikujua kama anacheka, au amekunja uso, au ameshaondoka. Nilisikia tu pumzi za mjomba chini ya meza.

Yule mama wa Marekani alipoaga, mjomba akaachia waya, na kioo kikafa hapohapo. Mkono ukabaki umejikunja, ukagoma kunyooka. Akaufungua mlango kwa mkono mwingine. Mteja alikuwa bado amesimama, simu yake imepasuka kioo.

"Ilianguka yenyewe," akasema.

Mama hakucheka. Tulitembea naye mpaka njia panda.

"Ulimtazama kama unamdai," akasema hatimaye.

"Alinipa ruhusa, mama."

"Yeye alikupa."

Jibu la chuo lilipokuja, tundu la chaji lilikuwa limeshatengenezwa. Mjomba alilichomelea kwa waya wa risasi ya kuyeyushwa kesho yake tu, kwa aibu. Lakini nilipokaa kufungua jibu, alipiga goti chini ya meza akaushika waya. Nikamwambia hakuna haja. Akasema nisome, niache maneno mengi. Nikasoma. Walikuwa wamenikubali. Hakuuachia mpaka nilipomsomea mara ya pili.

Tangu hapo nimekaa mbele ya watu wengi wanaotaka watazamwe. Nimejifunza. Siku hizi hata sisikii shingo ikipinga.

Ila nikikumbuka nilikojifunzia, sikumbuki duka. Nakumbuka kizuizi cha uwanja wa ndege, abiria wananipita na masanduku yao, mama ana sare kwa sababu alitoka zamu na angerudi zamu. Nilimshika mikono, nikainamisha macho, nikamuaga kama ninavyomuaga siku zote.

"Yule wa kwenye kompyuta ulimtazama," akasema. "Na mimi je?"

Nikainua macho. Jicho lake la kushoto lina doa dogo la kahawia, karibu na mboni. Nilikuwa silijui.