Nani Kashinda, Mihayo au Boaz?

Mtu mwingine akithubutu kumwuliza Mihayo nani kashinda, atarushiwa kiatu. Na viatu vyenyewe Mihayo alikuwa na jozi moja tu.

Mwaka 1998 yeye na rafiki yake Boaz walitoa kanda ya nyimbo nane za kurap, kundi wakaliita Nyundo Mbili. Wimbo wa mwisho ndio uliomtoa Mihayo jasho. Ulimhusu kaka yake, Maganga, aliyefukiwa ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, huko Geita, na mwili wake haukupatikana. Mihayo alitaka watu wanyamaze dakika nne, wamkumbuke marehemu. Dakika nne tu! Ameomba mbingu?

Basi sikia watu walivyoipokea kanda hiyo. Gazeti moja la Dar es Salaam liliandika kwamba vijana wa bara wanaiga Wamarekani, tena kwa lafudhi mbovu. Hilo Mihayo alilimeza. Kilichomkaba kooni ni watu wa kwao. Usukumani ngoma huchezwa kwa kushindana: kundi la Bagika upande huu, la Bagalu upande ule, wakati mmoja, uwanja mmoja, na atakayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Sasa watu hao wakisikia vijana wawili wakipokezana maneno kwenye kanda, watafikiri nini kingine?

Mnadani Kharumwa wapenzi wa Boaz walikaa kushoto mwa redio, wa Mihayo kulia, wakazomeana. Kule Nkome wauza dagaa waligombana mpaka redio ikaangukia mchangani. Na Shinyanga mjini, Hozefa, mwenye duka lililokuwa likirekodi na kuuza kanda zao, alibandika karatasi mbili kaunta ili wateja wapige kura.

"Hozefa, sisi ni kundi moja," Mihayo alimwambia. "Tunasaidiana, hatushindani."

"Najua, ndugu yangu. Lakini mteja anataka mshindi. Boaz anaongoza kidogo, usikate tamaa."

"Na ule wimbo wa mwisho, umeusikiliza?"

"Huo ndio wanaoupigia kura zaidi!"

Mihayo alitoka bila kuaga. Alipomsimulia Boaz, Boaz alicheka, kisha akauliza anaongoza kwa kura ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mihayo alichoka, akachoka tena.

Akabaki na mtu mmoja wa kumtegemea: mama yake, Mama Maganga, ambaye tangu msiba ule hakukanyaga tena uwanja wa ngoma. Akapanda basi hadi kijijini, akamwamkia, akatia betri mpya kwenye redio na kumpigia wimbo pale uani, kuku wakiparura miguuni pao. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Machozi yakamtoka. Moyo wa Mihayo ukatulia. Hatimaye kapatikana mmoja.

"Boaz kashinda," mama akasema.

"Mama! Hata wewe? Hayakuwa mashindano!"

"Ng'wanawane, usinipigie kelele. Boaz kamtaja Maganga kwa jina. Kasema alivyopenda michembe ya viazi, alivyokuwa akiimba akienda kuchota maji. Mimi nimemwona mwanangu. Wewe umesema Mihayo mkali, Mihayo kiboko yao, Mihayo hashikiki. Kwani uliyefukiwa ni wewe?"

"Mama, kurap ndivyo kulivyo. Lazima mtu ajitaje."

"Haya. Jitaje."

Mihayo alirudisha kanda nyuma kwa hasira, amwonyeshe. Akaufuatilia ubeti wake neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Jina lake lilitoka mara saba. La Maganga halikutoka hata mara moja. Alikuwa ameuimba wimbo huo miezi yote ile, mjini na minadani, akiwalaumu watu kwamba hawausikilizi.

Alinyoosha mkono kuizima redio. Mama akamzuia.

"Iache," alisema. "Nipelekee kanda hadi pale anapoimba Boaz."

Mihayo akampelekea.