Pua Ilipowasha

Fundi cherehani mzee alikuwa amezibuliwa mshipa wa moyo kwa mrija uliopitishwa pajani. Ulipochomolewa, dada mkuu wa zamu alimwambia muuguzi mpya, "Bonyeza hapo kwa mikono miwili. Ukiachia, damu itaruka mpaka darini."

Akakandamiza kama anayefunga sanduku lililofurika. Punde pua ikaanza kumwasha. Akaikunja huku na huku, wapi.

"Mwanangu, mbona unanikunjia uso? Au nakufa?"

"Hapana, baba. Pua inaniwasha, na mikono siwezi kuitoa."

"Inama."

Akainama. Mzee, bila kuinua kichwa, akamkuna juu ya barakoa, taratibu.

Dada mkuu akatokea mlangoni. "Sasa nani anamuuguza nani?"

"Ngoja kidogo," mzee akamjibu. "Huyu bado hajapona."