Sinema Iliyoishia Buzuruga

Mwalimu Jovinary alikuwa na ugonjwa mmoja: hapakuwa na kitu duniani ambacho hajakiona. Ukimtajia mji, amefika. Ukimtajia kitabu, amekimaliza zamani. Kwa hiyo kidato cha tano hawakushangaa alipotangaza kwamba atawaonyesha sinema ya sayansi yenye falsafa nzito, ambayo yeye, alisema, aliitazama chuoni mpaka akaikariri.

Mkanda aliuazima kwa Mzee Mayala, muuza redio na televisheni wa Mabatini, mmoja wa watu ambao biashara huria iliwakuta wameshafungua duka. Jumamosi mchana wanafunzi walipanga mabenchi bwaloni, deki ikawashwa, na Mwalimu akatoka kwenda kupunga upepo wa ziwa na mwalimu mgeni wa Jiografia. Aliyekwisha kuona ana haja gani ya kuona tena?

Mbele kabisa alikaa Kemilembe, binti wa Bukoba mwenye macho ya upole na ulimi usio na upole hata chembe. Sinema ilimnasa. Mtu anaishi peke yake katika chombo kinachoelea mbali na dunia, na kinachompa nguvu ni kumkumbuka mama yake akimmenyea chungwa. Halafu anagundua kwamba yeye ni mashine. Kumbukumbu ya mama na chungwa alitiwa kichwani kiwandani, kama maji yanavyotiwa mtungini. Basi yeye ni nani? Chombo kina mlango mmoja ambao hajawahi kuufungua, na sauti inamwambia kwamba jibu liko nyuma yake. Akashika kitasa. Akavuta.

Picha ikaruka, ikakwaruza, na nyuma ya mlango ikatokea sendofu Buzuruga.

Kuna mtu alikuwa amerekodi sherehe ya kumuaga bibi harusi juu ya mwisho wa sinema. Bibi harusi alikaa na gauni lake la kung'aa, wazee wamebanwa na suti, na ukumbi mzima ukitazama mlangoni kwa hamu. Kisha tarumbeta zikalia na Mzee Mayala mwenyewe akaingia uwanjani kucheza. Darasa lilikuwa karibu kupasuka kwa kicheko, lakini Kemilembe aliona kivuli cha Mwalimu kinakuja, akawafanyia ishara wanyamaze. Mwalimu alikuta televisheni inaonyesha migongo ya watu wanaocheza, na papo hapo mkanda ukaisha. Akauliza kama wameuelewa mwisho.

"Umetugusa sana, Mwalimu," Kemilembe akasema.

"Wengi huwa hawauelewi mara ya kwanza," akajibu, akitikisa kichwa kama anayekumbuka.

Akawapa insha: je, mtu ni kumbukumbu zake? Ushahidi watoe kwenye mwisho wa sinema.

Dorcas, rafiki yake Kemilembe, alitaka waende wakaseme ukweli. Kemilembe alimuuliza ukweli upi, wakati Mwalimu mwenyewe ameuthibitisha. Akaanza kuipanga insha yake kwa mzaha: utangulizi, hoja ya anayekubali, hoja ya anayepinga, kisha sendofu. Lakini alipofika kwenye sendofu, kalamu ilimgeuka. Aliandika kwamba mashine ile ilitafuta utu wake ndani ya kichwa, kumbe utu uko kwa watu wanaokusubiri. Ndiyo maana ukumbi mzima unatazama mlangoni. Alijikuta hacheki tena, na jambo hilo lilimkera.

Mwalimu aliipenda insha kupita zote, akaandika pembeni kwamba hivyo ndivyo mtunzi wa sinema alivyokusudia. Alikuwa amemsimamisha Kemilembe aisome mbele ya darasa pale Mzee Mayala alipobisha hodi. Wanafunzi wakasimama na shikamoo. Mzee akaitikia, akasema samahani, amekuja kuchukua mkanda wake haraka, maana mkewe anamlilia sendofu ya binti yao iliyorekodiwa humo.

Darasa zima liligeuka likamtazama Mwalimu. Yeye alimtazama Kemilembe.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu. Lakini ile sehemu ya mwisho sikuiandika kwa mzaha."

Mwalimu akamvutia mgeni kiti na kumwambia Kemilembe aendelee kusoma. Mzee Mayala alisikiliza sherehe yake ikichambuliwa, mkono kifuani. Ilipofika habari ya ukumbi kutazama mlangoni, alikohoa.

"Tulikuwa tunawangoja wakwe," alisema. "Walikwama kivukoni Busisi, pantoni imeharibika. Chakula kilikuwa kinapoa."

Sasa kicheko kilitoka, na Mwalimu alicheka kuliko wote, mpaka akavua miwani. Akawaambia kwamba sinema ile hakupata kuitazama. Alisimuliwa tu na mwenzake wa bweni. Hakuna aliyejifanya kushangaa.

Kemilembe alipunguziwa alama kwa ujanja, akaongezewa kwa hoja, akabaki palepale. Kilichomsumbua ni kwamba mwisho wenyewe hakuna aliyeujua, wala Mzee Mayala, aliyeufuta. Dorcas alisema mashine ilikuta giza. Mwingine akasema ilikuta mashine nyingine. Mzee, aliyedai ana haraka, alivuta kiti karibu na kupinga wote wawili: iwe ni mtu au chuma, anayekumbuka mamaye hawezi kufungua mlango akakuta giza. Dorcas alimwomba athibitishe. Kengele ya chakula ililia, na hakuna aliyenyanyuka.