Jina Juu ya Faili

Mwaka wa 1997 stima ya Migori ilikuwa ikipotea bila hata kuaga, na kaka yangu Gordon Odero aliona kama inamtukana yeye. Alikuwa akitunza kompyuta tatu za ofisi ya mradi wa visima pale mjini, na mimi nilikuwa mhazili wa ofisi hiyo hiyo. Kila stima ilipokatika, kazi yangu ya asubuhi nzima ilikwenda na maji.

Basi akaandika programu. Stima ikikatika, kompyuta iliendelea kwa betri, ikasubiri dakika nne, kisha ikafunga mafaili yake moja moja na kujizima. Nikamuuliza kwa nini nne.

"Hapa Migori, stima ikipita four minutes haijarudi, hairudi leo," akasema. Na pale mashine inapoanza kufunga, aliandika kando neno la Kijaluo, *mos*, yaani polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Mfumo wa kuendesha kompyuta zile ulikuwa wa bure. Watu wa nchi nyingi waliuandika pamoja, kila mtu kipande chake, na sharti lao lilikuwa moja: chukua, tumia, badilisha, lakini jina la mwandishi lililo juu ya faili usilitoe. Gordon aliwatumia kipande chake katika disketi, kwa posta. Wakakipokea. Juu ya faili wakaacha vile alivyoandika: Gordon Odero, Homa Bay, Kenya. Homa Bay ndiko nyumbani kwetu. Sijawahi kuona mtu akitazama mstari mfupi vile kwa muda mrefu vile.

Mwaka uliofuata tukapata CD ya mfumo mwingine, nao wa bure, ulioandikwa na kundi jingine ng'ambo. Gordon alipekua ndani akakuta programu yake. Dakika zake nne zilikuwepo. Hata *mos* ilikuwepo. Jina ndilo halikuwepo; juu waliandika jina la kundi lao tu.

"Hawajaiba," akaniambia. "Kuchukua wana ruhusa. Lakini jina, Risper? Jina ni mzigo gani wa kubeba?"

Wakati huo alikuwa ameanza kukohoa. Ulikuwa ule ugonjwa ambao miaka ile hakuna aliyeutaja. Aliacha kazi, nikaomba likizo isiyo na mshahara, nikamrudisha nyumbani kwa Mama. Hakuwa na mke wala mtoto, na alijua hatapata. Aliandika barua ya adabu kwa mkubwa wa kundi lile. Kimya. Akaandika ya pili. Kimya tena.

Mimi sina subira ya namna hiyo. Nilikwenda posta ya Homa Bay nimefura kwa hasira, nikaandika ya tatu mwenyewe. Kwetu jina linaloheshimiwa ni la aliyekufa. Marehemu humjia mama mjamzito usingizini akadai mtoto apewe jina lake, na hakuna anayethubutu kumnyima. La mtu anayepumua, nani ana haraka nalo? Nikafikiri binadamu ni binadamu, hata huko kwao. Nikaandika kwamba Gordon Odero amefariki, na kwamba familia inalidai jina lake. Mkono haukusita hata kidogo. Nikabandika stempu, nikapita sokoni kumnunulia maziwa.

Safari hii walijibu. Mwezi wa Oktoba Ondieki, dereva wa ofisi yetu, alileta bahasha kutoka Migori: CD ya toleo jipya, pamoja na karatasi waliyoichapa ili familia ijionee. Gordon alikuwa ameketi uani anaota jua. Aliifungua kabla sijafika, akasoma kwa sauti.

"Imeandikwa na marehemu Gordon Odero, Homa Bay, Kenya. Tunaomba radhi kwa familia yake."

Mama alikuwa akianika omena, dagaa wetu wa ziwani. Mikono yake ikasimama.

"Risper, *nyamera*," Gordon akasema taratibu, "dada yangu, mimi nilikufa lini?"

"Nilitaka wakurudishie jina."

"Si wamerudisha. Na wamenizika nalo."

Mama hakunigombeza. Alikwenda akamshika Gordon mabega, kisha kichwa, kisha mikono, kama anayehakikisha kwamba yupo. Nilitamani ardhi inimeze. Gordon ndiye aliyecheka, akakohoa, akacheka tena.

"Waandikie niko hai. Watoe hilo neno moja tu. Nataka kuliona jina langu kwa macho yangu."

Niliandika siku hiyo hiyo, nikakiri uongo wangu wote. Walijibu kwa upole kwamba watasahihisha katika toleo lijalo, baada ya miezi sita. Gordon aliihesabu kwa vidole, akaniambia, "Nitajaribu."

Alifikisha minne. Tulimzika Februari, upande wa kushoto wa nyumba ya Mama.

CD ilikuja Aprili. Waliandika vizuri kabisa: Gordon Odero, Homa Bay, Kenya, na chini yake sanduku letu la posta, kwamba mwenye swali amwandikie yeye mwenyewe.

Watu wakaandika. Barua ya kwanza ilitoka Brazili. Mtu huyo alisema kwao pia stima hukatika ovyo, na programu ilikuwa imewaokoa mara nyingi. Alikuwa na swali moja tu kwa Bwana Odero: kwa nini dakika nne?

Nilikaa kwenye benchi la posta nikamjibu. Habari za stima ya Migori nilizimaliza upesi. Kisha nikafika pale pa kueleza kwa nini anayejibu ni dada yake. Lilikuwa neno lile lile, amefariki, na mara hii mkono ulikataa. Nilingoja mpaka karani akaanza kufunga madirisha.

Nikatia sahihi: Gordon Odero.